Vifuniko Havina Mama

Nianze na aibu yenyewe ili niitue. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Kazi yangu ni kufundisha watoto hesabu za mwanzo kabisa, zile za kugusa kitu na kusema moja, ukagusa kingine ukasema mbili. Na kwa muhula mzima mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe alikaa mbele yangu darasani akaonekana hawezi kuhesabu watoto wanne kwenye picha.

Wanne. Sisemi arobaini.

Shule yetu iko upande wa Nyansiongo, kule ambako mashamba ni makubwa kidogo kuliko ya Kisii na ng'ombe wa maziwa wanakutazama juu ya ua kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Darasa la PP2, lile la mwisho kabla ya gredi ya kwanza, ni moja, mwalimu ni mmoja, na mwalimu huyo ni mimi. Binti yangu alipofika miaka sita hakuwa na mahali pa kunikimbia. Nyumbani mimi ni mama, shuleni mimi ni mwalimu. Tulikubaliana langoni siku ya kwanza: ukivuka hapa, mimi si mama yako, mimi ni wa wote. Nilidhani nitakuwa nikimkumbusha kila siku. Wapi. Alilishika hilo agano kuliko nilivyotaka. Siku moja alianguka uwanjani, goti likachubuka, akaja kwangu machozi yakimtoka, akasimama wima akasema, "Mwalimu, tafadhali mwambie mama kuwa nimeumia."

Nikamwambia nitamwambia.

Muhula ule niliagiza kila mzazi alete vifuniko ishirini vya chupa. Huo ndio utaratibu wa siku hizi, mtoto ashike vitu kabla ya kushika kalamu, na mimi ninauamini kwa moyo wangu wote, kwa sababu mimi nilifundishwa hesabu kwa kiboko na hadi leo nikiulizwa saba mara nane mgongo unawasha. Sasa kosa langu lilikuwa moja tu. Wazazi wengi wa darasa langu ni Wasabato, pombe hawagusi. Soda hapa watu hunywa arusini, na arusi haziji kila juma. Mahali pekee ambapo vifuniko vimetapakaa hadi vimezama kwenye udongo ni nyuma ya ile baa ya sokoni. Mimi sikuwaza hilo hata kidogo. Aliyewaza, na akatenda, ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni shemasi kanisani. Ni mjane, mfupi, mwenye haraka, na tunaishi naye boma moja. Mimi nikiwa shuleni yeye ndiye anayebaki na mtoto wangu mdogo wa kiume, na yeye ndiye anayempokea binti yangu akitoka shule kabla mimi sijamaliza kazi. Ijumaa jua likikaribia kuzama hakuna nyumba safi kama yake. Aliposikia mjukuu anatakiwa kuleta vifuniko, alichukua kikapu chake akaenda sokoni, akapita duka kwa duka akiuliza, akapata vinne. Basi akazunguka nyuma ya baa, mchana kweupe, akainama akaanza kuokota.

Wanawake wawili wa kwaya wakapita. Wakasimama. Mmoja akauliza, "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi," akasema bila kuinuka. "Wekeni mizigo chini mnisaidie, ni kazi ya mwalimu."

Na wakamsaidia. Kufikia jioni habari zilizokuwa zikizunguka ni kwamba mwalimu wa PP2 ametuma mashemasi baa. Nilizisikia njiani nikirudi nyumbani, kutoka kwa mtu aliyecheka hadi akashikilia ua.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameviosha kwa sabuni mara tatu, na mara ya nne kwa maji ya moto, ili visahau vilikotoka. Sasa alikuwa amevimwaga kwenye mkeka, anavihesabu kwa lugha yetu. Katika Ekegusii sita haina jina la peke yake. Ukifika tano unasema tano na moja, kisha tano na mbili, mpaka ufike tisa. Alikuwa anagusa kila kimoja, anakisukuma upande, na binti yangu amechuchumaa kando yake anasema naye. Walifika mia moja bila kuteleza hata mara moja.

Mimi na mama mkwe hatujawahi kukosa la kutaniana. Nikamwambia, "Mama, kumbe unajua kuhesabu hivi. Mbona ukiulizwa wajukuu wako ni wangapi unajibu tu kwamba wapo?"

Hakuinua kichwa. "Vifuniko havina mama," akasema, akaendelea kuvitia kwenye mfuko.

Nilicheka. Nilidhani ni maneno tu ya mama mzee mwenye majibu. Lau ningekuwa na masikio siku ile ningejiokolea machozi ya muhula mzima, lakini mimi nikishapata kicheko huwa sitafuti kitu kingine.

Zoezi la kwanza la kufanyia nyumbani lilikuwa rahisi mno. Ukurasa mmoja, juu umeandikwa "Watu wa nyumbani kwetu." Mtoto anachora watu wa kwao, halafu kwenye kisanduku chini anaandika wako wangapi. Watoto wengine waliniletea michoro ya ajabu. Kuna mmoja alichora watu watatu na ng'ombe tisa akaandika kumi na mbili, nami sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Wa kwangu alichora vizuri kuliko wote. Nyanya mkubwa kabisa, mwenye aproni. Baba na kofia. Mimi na mdomo wazi, sijui kwa nini. Yeye mwenyewe. Na ndugu yake mdogo, kichwa kikubwa mno na miguu miwili ya njiti.

Kisanduku kilikuwa kitupu.

"Wako wangapi hapa?" nikauliza, mimi mwalimu.

Akaangalia kucha zake.

"Nakuuliza, watu hawa ni wangapi?"

Darasa zima likawa linatutazama. Siku hizi hatutoi alama kwa wadogo, tunaandika maneno, basi nikaandika "anahitaji msaada" nikasaini mahali pa mwalimu. Jioni nikaibeba karatasi ile nyumbani, nikasaini mahali pa mzazi.

Ningelimaliza hapo kama si mwalimu mkuu. Ni mtu wa upande wa Nyamache, mpole, suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Muhula ulipokaribia kwisha alipita kuwaangalia watoto watakaovuka kwenda gredi ya kwanza, mmoja mmoja, kwa kadi za picha. Kwa kuwa mimi ni mama, alisema binti yangu atamwangalia yeye mwenyewe, na mimi nikae tu pembeni na mdomo wangu niufunge. Hakusema hivyo hasa, lakini nilielewa.

Akamwonyesha kadi ya vikombe. "Sita," akasema mtoto, hata kabla kadi haijatulia. Akamwonyesha chane ya ndizi. "Kumi na nne." Penseli, viatu, majani ya chai, vyote akavimaliza. Mwalimu mkuu akanitazama kwa tabasamu, nami nikaanza kuvimba kichwa. Ndipo akatoa kadi ya watoto wanaoruka kamba.

"Hawa ni wangapi?"

Mtoto akanyamaza.

"Haya, hawa nao?" Wanawake wawili wamebeba vikapu vya chai. Wawili tu, mtu angewaona akiwa amefumba jicho moja.

Mtoto akaangalia kucha.

Alijaribu kadi tatu nyingine. Zote zenye watu zilishindikana. Akazipanga kadi zake polepole, akamtuma mtoto nje, akaniambia, "Mwalimu, huyu anajua, halafu hajui. Mimi sielewi. Juzi nimemwambia jirani yako kwamba wa kwake hayuko tayari. Nikimvusha wa kwako na hawezi kuhesabu watu wawili, watasema nini?"

"Watasema ni mtoto wa mwalimu."

"Basi nakupa majuma mawili. Na ule ukurasa wa watu wa nyumbani, aujaze mwenyewe. La sivyo atakaa na wewe mwaka mwingine."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akasikia yote. Tukielekea nyumbani hakunishika mkono. Tulipovuka lango, pale ninapokuwa mama tena, akauliza, "Mama, rafiki yangu akienda gredi ya kwanza, pale kwenye dawati nitakaa na nani?"

Nikasema atavuka, asiwe na wasiwasi. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

Majuma yale mawili sijivunii. Mimi nina hasira za karibu. Kila alasiri nilimweka mezani na picha. Nilikata picha kwenye magazeti ya zamani, wanasiasa wamejipanga kwa suti, timu za mpira, maarusi. Hawa wangapi? Hawa nao? Nilimpa hadi picha ya arusi yangu mwenyewe. Yeye anasema tu, "Watu sijui." Vijiko anajua, mayai anajua, watu hajui. Siku ya nne nilimwambia neno ambalo natamani ningelimeza. Nilimwambia, "Mtoto wa mwalimu, na unanitia aibu hivi." Alilisikia vizuri. Alikunja midomo kama baba yake anavyofanya, akaanza kulia bila sauti, na kulia bila sauti kwa mtoto wa miaka sita ni kitu kibaya kukiangalia.

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jikoni anachambua maharagwe. "Mwache mtoto, Mwalimu," akasema. Huniita Mwalimu hata nikiwa na mwiko mkononi.

"Nikimwacha atabaki darasani, Mama."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo, halafu ikaendelea.

Mume wangu ni fundi wa kujenga, yuko mjini Kisii juma zima na anarudi Ijumaa. Nilimpigia simu nikamweleza. Akasema nisiwe na hofu, hata yeye alichelewa kuhesabu. Nikamwambia hilo linaeleza mambo mengi kuhusu kuta zake, nikakata simu.

Ijumaa ya pili tulikuwa na wageni, watu wa ukoo kutoka Nyamache waliokuja kukaa nasi Sabato. Kwetu Ijumaa ni siku ya kupika na kusafisha kila kitu kabla jua halijazama, kwa hiyo nyumba ilikuwa mbio tupu. Mimi nilikuwa nje nyuma ya jikoni nasugua sufuria. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, nikamsikia mama mkwe akimwambia binti yangu, "Nenda uangalie wageni, vikombe visipungue. Mgeni akikosa kikombe ni mimi nitakayeaibika."

Nilitaka kusema nitaenda mwenyewe, kwa maana mtoto huyu kuhesabu watu hajui. Lakini mikono ilikuwa na povu, na udadisi ukanizidi. Nikachungulia.

Mtoto alichota maharagwe kwenye ungo akayashika mkono wa kushoto. Akaingia sebuleni. Nikazunguka hadi dirisha la upande ule, nikiinama chini ya kamba ya nguo kama mwizi wa kuku. Alikuwa anawaamkia wageni mmoja mmoja, kichwa kimeinama kwa adabu, mkono wa kulia umenyooshwa. Na kila akimaliza kumwamkia mtu, harage moja linatoka mkono wa kushoto linaingia mfukoni mwa gauni. Shangazi mnene akamkumbatia na kumuuliza habari za shule. Akajibu nzuri, akajinasua, harage likaingia mfukoni. Kwa mzee aliyekuwa amesinzia alisita kidogo, akamgusa bega, akamhurumia, akamwacha alale, lakini harage lake likaingia.

Akarudi jikoni. Akamwaga mfuko wake mezani, akaanza kusukuma moja moja kwa kidole, kwa lugha ya nyanya yake, hadi tano, tano na moja, tano na mbili, akapita kumi, akafika kumi na moja. Akashusha vikombe kumi na moja. Akavigusa, kila kikombe na harage lake. Kisha akavipeleka.

Nilihakikisha. Nilienda sebuleni na mikono yangu ya povu nikahesabu wageni kwa macho, wakanishangaa. Walikuwa kumi na mmoja.

Nikarudi nikamkuta mtoto kwenye mlango wa jikoni. "Umewahesabu wageni?" nikamuuliza.

Uso wake ukabadilika, kama nimemshika na sukari. "Hapana, Mama," akasema haraka. "Sijahesabu watu. Nimehesabu maharagwe."

Nitasema ukweli kama ulivyokuwa. Nilifurahi kwanza, mtoto wangu si mjinga, mtoto wangu anajua. Halafu ikaja hasira, na hasira yangu ina miguu mirefu kuliko furaha. Nikamwendea mama mkwe.

Sasa, kugombana na mama mkwe wako nyumba imejaa watu wa ukoo wake si kazi ndogo. Tuligombana kwa kunong'ona, huku tunatabasamu, yeye ameshika sahani ya chapati, mimi birika.

"Mama, wewe ndiye uliyemkataza mtoto kuhesabu watu?"

"Nilimfundisha adabu. Karibu chapati, baba."

"Mtoto anabaki darasani kwa ajili ya adabu yako. Shangazi, nikuongeze chai?"

"Hukuniuliza. Wewe huulizi, wewe unafundisha."

Hilo liliniingia mahali pake, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikamimina chai hadi ikafurika.

Wageni walipotoka kwenda kutazama ng'ombe, alinifuata nilipokuwa naosha vikombe. Alikaa kwenye kigoda akakunja aproni mapajani. Alianza kuongea akiwa anaangalia mlango.

Alisema zamani, akiwa mama kijana, alikuja mtu wa serikali na kitabu kikubwa, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu. Mama yake mwenyewe alikuwa amemwonya kwamba watoto hawahesabiwi kwa kidole, lakini yeye alikuwa amesoma kidogo, na alikuwa na fahari. Watoto wake walikuwa watatu, wameoshwa, wamepakwa mafuta, wamepangwa kando ya ukuta. Mtu yule akauliza wangapi. "Nikanyoosha kidole," akasema. "Huyu mmoja, huyu wa pili, huyu wa tatu. Akaandika. Nilipenda kuona akiandika."

Mwezi haukuisha. Ilikuwa surua. Ilimchukua yule wa katikati, msichana, mwenye umri kama wa binti yangu. Mume wangu ndiye kitindamimba, alikuwa bado anatambaa, hakuwahi kunisimulia kwa sababu hakumbuki kitu.

"Mwalimu, mimi si mjinga," akasema. "Najua ni surua. Walinieleza hospitalini nikaelewa. Sasa hivi ukiniuliza nitakuambia ni surua. Lakini kidole kilikuwa changu."

Niliendelea kuosha kikombe kile kile muda mrefu. Baadaye nikamwambia, "Pole, Mama," na lilikuwa neno dogo mno, lakini alilipokea, akainuka akaenda kutafuta chumvi.

Sabato ile kanisani sikusikia mahubiri sawasawa. Nilikuwa nafikiri juu ya maharagwe. Chuoni tulipofundishwa kufundisha wadogo, somo la kwanza kabisa lilikuwa hilo hilo, kabla hata ya majina ya namba. Kitu kimoja kwa kitu kimoja. Kikombe kwa mtu, mtu kwa kikombe, uone kama vinatoshana. Mimi nina cheti cha somo hilo, kimewekwa kwenye fremu. Mama mkwe alikuwa amelifundisha kwa ungo wa maharagwe, akiwa anazunguka jambo asiloweza kulitenda, na mtoto alikuwa amelijua hadi mwisho. Aliyekosea ni mwalimu mwenye fremu, aliyemwagizia mtoto vifuniko ishirini halafu akamkalisha mbele ya picha akiwa mikono mitupu.

Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu nina ombi moja, mtoto aruhusiwe vifuniko. Akasema hakuna ubaya, ndiyo kazi ya vifuniko hivyo, na habari ya vilikotoka ameisikia. Nikaomba yaishe.

Akaweka kadi ya watoto wanaoruka kamba. Binti yangu akafungua mfuko. Akaweka kifuniko juu ya kichwa cha kila mtoto, polepole, kama anawavisha kofia asiwaumize. Kisha akavivuta vifuniko chini hadi ukingoni mwa meza, akavihesabu.

"Vifuniko ni vinne," akasema.

"Nimekuuliza watoto."

"Vifuniko ni vinne, Mwalimu. Na kila mtoto alikuwa na chake."

Mwalimu mkuu akavua miwani. Akanitazama. Nami niliyekuwa nimeambiwa nifunge mdomo, nikaufungua. "Mwalimu Mkuu, samahani kidogo. Wewe una watoto wangapi?"

"Aah," akasema, akapangusa miwani. "Wapo. Mungu amesaidia."

Tukatazamana. Ana digrii, yule mtu. Akakohoa, akasema hilo halihusiani na kazi iliyo mbele yetu, akageuza kadi iliyofuata. Mtoto akazimaliza zote, wanawake wa chai, timu ya mpira, darasa zima la watoto wameketi, na kwa hilo la mwisho aliniomba vifuniko vya kuongeza.

"Nimeridhika," akasema mwisho. "Umebaki ule ukurasa. Aujaze nyumbani, mwenyewe, kesho nisaini."

Alasiri ile niliweka mkeka uani, nikaweka ukurasa, penseli na ungo wa maharagwe. Nikamwambia mama mkwe nakwenda kuchuma chai. Alijua kwamba mistari yangu ilichumwa juzi, lakini hakusema. Nikaenda nikasimama kwenye chai, mstari wa kwanza kando ya ua, inanifika kiunoni, nikajifanya natafuta majani.

Binti yangu aliweka harage kwa nyanya. Harage kwa baba mwenye kofia. Kwangu, kwenye mdomo wangu wazi kabisa. Kwake. Kwa ndugu yake. Mama mkwe aliangalia ukurasa ule kwa muda. Kisha akatia mkono kwenye ungo, akachagua harage moja, akalipangusa kwa aproni, akaliweka kwenye karatasi, kando ya mchoro wake mwenyewe, chini karibu na pindo la nguo.

"Nyanya, hapo hakuna mtu," nikamsikia mtoto.

"Yupo."

Mtoto angekuwa na mimi tungebishana hadi jua lizame. Kwa nyanya yake hakubishana. Alichukua penseli akazungushia lile harage mstari, likawa kiduara kidogo, ili lisipotee. Kisha akayavuta yote pembeni, akayahesabu kwa lugha yetu. Aliishia tano na moja. Akaandika sita kwenye kisanduku. Kwanza aliiandika imegeuka, mama mkwe akaipindua karatasi huku na huku akaikubali, mtoto mwenyewe ndiye aliyeifuta akaiandika upya.

Mimi nililia kwenye chai yangu kama mjinga. Mtu wa barabarani aliponisalimia nikamwambia ni mafua.

Asubuhi yake nilikaa na ukurasa huo na kalamu nyekundu. Mimi ni mkali kwa majibu. Yule wa ng'ombe tisa namkumbusha hadi leo. Kwa haki, watu walikuwa watano na kisanduku kilisema sita. Nikaweka tiki kubwa, nikaupeleka ofisini.

Mwalimu mkuu aliuweka mezani, akaanza kuwapitia kwa kidole wale watu waliochorwa, midomo ikisogea bila sauti. Akarudia tena. "Mwalimu," akasema, "hapa naona watano. Na kwako nimewahi kufika nikanywa chai, mko watano. Huyu wa sita ametoka wapi?"

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maneno yote tayari.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "kweli unahesabu watu wa nyumba yangu?"

Akaangalia kidole chake, bado kiko juu ya karatasi, kwenye kile kiduara kidogo karibu na pindo la nguo. Akakiondoa polepole, akachukua kalamu, akasaini.